Unga wa Mbao wa Mafinga Unamsubiri Jirani

Mashine ya kupasulia mbao ambayo watu wa Mafinga huiita dingdong hula milimita 6 hadi 8 za mti kila msumeno wake wa duara unapopita kwenye gogo. Mbao ya inchi moja ina unene wa milimita 25. Fanya hesabu: ukipasua mbao nne, unene wa mbao ya tano umeshageuka unga na kurundikana chini ya mashine. Ongeza mabanzi, yale ya pembeni yenye magome. Ongeza ncha zilizopinda, na mbao zilizotoka nene upande huu na nyembamba upande ule kwa kuwa msumeno ulikuwa butu. Ndipo utaelewa kwa nini gogo lililoingia zima kwenye kiwanda kidogo hutoa mbao ya kuuza kwa kiasi cha theluthi yake tu. Theluthi mbili hubaki pale pale kiwandani.

Mafinga ni mji wa mbao. Umezungukwa na Shamba la Miti Sao Hill, hekta zaidi ya 130,000 wilayani Mufindi, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Majaribio ya kupanda miti pale yalianza mwaka 1939, na upandaji wenyewe mkubwa ukafanyika kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980. Kuzunguka shamba hilo, wanakijiji nao wamepanda paini na milingoti yao, ekari mbili huku, ekari kumi kule. Mti mmoja humlisha mpandaji, mwenye mashine, mpakiaji, dereva wa lori, fundi wa kunoa misumeno na mama lishe anayewapikia wote hao. Nguzo nyingi za umeme unazoziona zikisimamishwa vijijini zimetoka huku. Katika miaka ya karibuni wameingia pia wenye viwanda vya kumenya milingoti kuwa maganda membamba ya kutengenezea plaiwudi, na ukipita barabarani utayaona yameanikwa juani safu kwa safu.

Asubuhi za Juni na Julai, Mufindi inapokuwa na baridi ya kuuma mifupa, moshi wa unga na mabanzi yanayochomwa hukaa chini na hautawanyiki haraka. Lundo la unga wa mbao haliwaki kama kuni. Moto huingia ndani ukajificha, ukala polepole kwa wiki kadhaa, huku juu likitoa moshi mzito unaochoma macho. Mvua zikija, lundo lisilochomwa hutoa maji ya rangi ya chai ya rangi, na maji hayo hushuka kwenye vijito. Kinachooza ndani yake hutumia hewa ambayo samaki na wadudu wa majini wangeihitaji. Vijito vya Mufindi ndivyo vinavyouanzisha mto Ruaha Mdogo, unaopita Iringa mjini na kwenda kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Kutoka Mtera maji hufika Kidatu, kisha Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Taifa lililowekeza fedha nyingi kiasi kile katika maji ya bonde moja halina sababu ya kuyadharau yakiwa bado machanga kule juu.

Njia rahisi ni kumlaumu mwenye mashine. Wakaguzi huja, hutoza faini, huondoka. Lakini mtazame mtu mwenyewe: ana mashine moja, vibarua sita au wanane, na kibali cha kuvuna ambacho hajui kama atakipata tena mwakani. Unga anaozalisha kwa siku ni mwingi mno kuuficha na ni mchache mno kumfanya mnunuzi wa maana atume lori. Hawezi kununua mashine ya kuushindilia uwe mkaa mbadala, kwa sababu mashine hiyo ingemaliza taka yake ya wiki nzima kwa nusu siku na kukaa bure siku zilizobaki. Hawezi kujenga tanuri la kukaushia mbao. Hawezi kuajiri mtaalamu wa mazingira. Peke yake hana la kufanya zaidi ya kiberiti.

Sasa wahesabu majirani zake. Walipo wapasuaji mbao wengi kwa ukaribu ule, taka ambayo kwa mmoja ni kero, kwa wote ni mali ghafi. Hapo ndipo kongano la viwanda linapoleta maana: viwanda vya jamii moja, au vinavyotegemeana, vikikaa karibu, huweza kugawana gharama ambazo hakuna kimoja kati yake kingezimudu. Wachumi wameandika juu ya faida hiyo kwa zaidi ya karne moja, wakizungumzia ufundi, soko na vipuri. Jambo ambalo nchi kama yetu inapaswa kulisisitiza ni kwamba usafi nao ni gharama ya kugawana.

Neno kongano si geni Nyanda za Juu Kusini. Mpango wa ukanda wa kilimo wa SAGCOT, uliotangazwa Dar es Salaam mwaka 2010, uligawa eneo lake katika makongano sita, na mawili kati ya hayo yanatuhusu moja kwa moja: Ihemi, linaloshika Iringa na Njombe, na Mbarali kwa upande wa Mbeya. Mpango ule tangu mwanzo ulizungumzia ukuaji wa kijani. Umekutanisha wakulima na wanunuzi wa viazi, nyanya, soya, chai na maziwa, na hilo ni jema. Lakini makutano hayo yamehusu zaidi kile kinachouzwa. Kile kinachobaki nyuma ya kiwanda, yaani pumba, mabanzi, machicha, maji machafu na joto linalopotea kwenye bomba la moshi, bado hakijapata mezani kiti chake.

Mfano unaotajwa sana duniani ni mji mdogo wa bandari wa Kalundborg, Denmark. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta pale kilihitaji maji, na ili kuyaokoa maji ya ardhini bomba likajengwa kutoka ziwa la jirani, Tissø. Mwaka 1972 gesi ambayo kiwanda hicho kilikuwa kinaichoma hewani ikaanza kuuzwa kwa mtengenezaji wa mbao za jasi aliye jirani. Baadaye kituo cha umeme kikauza mvuke wake kwa kiwanda cha dawa, joto kwa nyumba za mji, na jasi iliyotokana na kusafisha moshi wake ikaenda kwa yule yule mtengenezaji wa mbao za jasi. Hakuna wizara iliyochora mpango huo. Mameneja walifahamiana, walikaa mji mmoja, na kila mmoja alijua jirani yake anatupa nini.

Kwa Mafinga, mimi ningeanza na tanuri la kukaushia mbao. Mbao ya paini iliyotoka kupasuliwa ina maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Lori lililobeba tani 30 za mbao mbichi kwenda Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 600, linasafirisha tani 15 hivi za maji ya Mufindi, dizeli ikiungua kuyateremsha Kitonga. Zikifika yadi, mbao hizo hupinda, hupasuka, hushika ukungu wa bluu, na fundi aliyepigia dari kwa mbao hizo huitwa tena na mwenye nyumba baada ya miezi michache. Mbao iliyokauka vizuri huuzwa ghali, hudumu, na lori moja hubeba nyingi zaidi. Tanuri linahitaji joto la kutosha na la kudumu mchana na usiku, na joto hilo limo ndani ya unga na mabanzi yanayochomwa bure. Wapasuaji ishirini wakiwa na tanuri moja la pamoja, wakalipa kwa meta za ujazo wanazokausha, wanamaliza sehemu kubwa ya taka yao na kupandisha bei ya mbao kwa wakati mmoja. Mpasuaji mmoja mmoja hatajenga tanuri hata tukimhubiria mpaka kesho.

Kabla hata ya tanuri kuna msumeno wenyewe. Msumeno wa ukanda, ule mwembamba unaozunguka kama mkanda wa cherehani, hula milimita 2 au 3 tu kila unapopita. Hapo unaweza kupasua mbao nane au zaidi kabla hujapoteza unene wa mbao moja. Gogo lile lile likatoa mbao nyingi zaidi, na hapo msitu umeokolewa bila kupanda mche mmoja. Shida ni kwamba msumeno huo unataka fundi anayejua kuunoa na kuukaza, na mwendeshaji aliyefunzwa. Mafinga pana kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichoanzishwa kwa msaada wa Finland chini ya Programu ya Panda Miti Kibiashara, na mafunzo ya upasuaji bora yametolewa. Lakini fundi mmoja wa kunoa hawezi kuishi kwa misumeno ya kiwanda kimoja, wakati kwa viwanda vya mtaa mzima anaishi vizuri. Mji ukishakuwa na mafundi wake, kila anayeingia biashara ya mbao huwakuta pale pale. Teknolojia safi nayo hukaa mahali palipo na fundi wa kuitengeneza.

Unga na mabanzi yatakayobaki yana mteja mwingine jirani, ambaye ni chai. Kiwanda cha chai hakilali msimu ukiwa umechanganya. Majani mabichi hunyauliwa kwa hewa vuguvugu, husagwa, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa kwa joto kali, na joto hilo karibu lote hutoka kwenye boila linalolishwa kuni za mlingoti. Mashamba ya chai ya Mufindi yametenga maeneo makubwa ya milingoti kwa ajili ya boila peke yake. Nchini Kenya, kiwanda cha chai cha Makomboki, Murang'a, kilijaribu njia ya kupunguza kuni kwa kuchoma maganda ya makadamia na ya korosho pamoja na unga wa mbao ulioshindiliwa. Kwa Makomboki, korosho hutoka mbali. Kwa Mufindi, unga wa mbao na boila la chai vimo ndani ya wilaya moja.

Tena chai ya Mufindi imeshatupa somo moja ambalo halijasemwa vya kutosha. Mwaka 2012 mtambo wa umeme wa maji wa Mwenga, wenye megawati 4, ulianza kazi. Kiwanda cha chai kilikuwa mteja wa uhakika, anayetumia umeme mwingi kila siku na kulipa. Ziada ikauzwa Tanesco, na waya zikapelekwa vijiji vya jirani ambavyo peke yake visingemshawishi mwekezaji yeyote kujenga hata nguzo kumi. Baadaye mitambo ya upepo ikaongezwa. Kiwanda ambacho zamani umeme ukikatika kilikuwa kinakimbilia jenereta ya dizeli, kikaendeshwa na mto wa jirani, na mwanakijiji akawasha taa kwa sababu palikuwa na kiwanda. Ile ndiyo nguvu ya ujirani wa viwanda: mmoja mkubwa akiwa nanga, wadogo wengi hupata pa kushikia.

Mufindi ina nanga nyingine, kubwa na yenye historia ngumu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikiwa cha umma, kikiwa kimepangwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Kikalemewa, kikafungwa, kikauzwa mwaka 2004 na kuanza upya kama Mufindi Paper Mills. Karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na maboksi hutengenezwa kwa kupika vipande vya mti katika dawa, na baada ya kupika hubaki uji mweusi wenye nusu nzima ya mti ndani yake. Uji huo ukimwagwa mtoni ni sumu. Ukikaushwa na kuchomwa katika boila maalumu, hutoa mvuke na umeme wa kuendeshea kiwanda, na dawa hurudi kutumika tena. Kiwanda cha namna hii hujilisha nishati kutokana na taka yake, lakini ni pale tu kinapokuwa kikubwa na boila hilo likiwa zima. Nchi za Finland na Sweden zimefika mbali kwa kuhakikisha mabanzi ya wapasua mbao yanakatwakatwa na kupelekwa kwenye viwanda vya karatasi, gogo kubwa likaachwa kwa ajili ya mbao. Sisi bado tunapeleka gogo zima karatasini huku mabanzi yakichomwa Mafinga. Safari ya Mafinga hadi Mgololo si fupi na barabara si nzuri wakati wote, lakini yote hayo yamo ndani ya Mufindi.

Hapa pana hatari moja ambayo lazima isemwe kwa sauti. Nguzo za umeme hushindiliwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Kipande cha nguzo iliyotiwa dawa kikiingia kwenye lundo moja na mabanzi ya kawaida, kisha kikachomwa jikoni au kwenye tanuri la kuoka mikate, aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu ambayo mtu huyamwaga bustanini. Kugawana taka bila kuitenga ni kugawana sumu. Kongano linalotaka kuitwa la kijani linaanza na uzio kati ya yadi ya dawa na yadi ya mbao, na mtu anayelipwa kuulinda.

Ujirani wenyewe hausafishi kitu, na Tiruppur ndipo palipo ushahidi. Ni mji wa fulana kusini mwa India, wenye mamia ya viwanda vidogo vya kutia rangi nguo, vyote vikimwaga maji yake kwenye mto Noyyal. Kila kimoja kilijitetea kwamba chake ni kidogo. Bwawa la Orathupalayam lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji likajaa maji ya rangi na chumvi, mashamba ya chini yakaharibika, wakulima wakaenda mahakamani na hawakurudi nyuma. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikafunga viwanda zaidi ya 700 mpaka vitakapoacha kabisa kumwaga maji machafu mtoni. Vibarua walipoteza kazi, na baadhi ya viwanda vilihamia maeneo yenye macho machache. Vilivyobaki viliokolewa na mitambo ya pamoja ya kusafisha maji, ambayo wenye viwanda huichangia na ambayo huyarudisha maji kutumika tena. Mtambo wa aina ile ni ghali mno kwa mmoja na wanaubeba kwa kuwa ni wengi. Kwa hiyo ujirani ndio ulioua mto, na ujirani huo huo ndio uliowawezesha kulipa. Katikati ya mambo hayo mawili palikuwa na wakulima waliochoka na jaji aliyesikiliza. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, tuna baraza la mazingira, NEMC, lenye ofisi ya kanda Mbeya, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa pale pale. Hatuna sababu ya kungoja Ruaha Mdogo ufanane na Noyyal.

Twende Mbeya. Ukiteremka kutoka Makambako kuelekea Chimala, bonde la Usangu linajitandaza kulia kwako, na ndani yake kuna Ubaruku, mji uliojengwa na mpunga. Mashine za kukoboa zimepangana. Kila gunia la mpunga la kilo 100 linaloingia huacha kilo 20 hivi za pumba, na nyuma ya mashine utakuta vilima vya pumba vya rangi ya dhahabu iliyofifia. Baadhi huchukuliwa na wachoma matofali, na hiyo ni njia nzuri maana kila tanuri la matofali linalochomwa kwa pumba ni miti iliyobaki imesimama. Nyingine huwashwa moto pale pale, zikatoa moshi juu ya nyumba za watu na kuacha majivu meusi. Bonde hili si la kuchezewa: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kilimo cha mpunga huku juu ni miongoni mwa sababu kuu zinazotajwa. Mpunga unaochukua maji mengi kiasi hicho unatuwajibisha tusipoteze chochote kilichokua kwayo.

Sasa tazama ramani. Reli ya TAZARA inapita Rujewa, Chimala na Igurusi, inafika Mbeya, halafu inaendelea Songwe, na hapo Songwe pana kiwanda cha saruji. Saruji hupikwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450, na nishati yake hutoka kwenye makaa ya mawe. Uganda, kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, kilishaonyesha kwamba tanuri la namna hiyo linaweza kula pumba za kahawa na za mpunga na kupunguza mafuta ya kuagiza. Mbozi ni ya kahawa, na iko hatua chache kutoka Songwe. Usangu ni ya mpunga, na ina reli. Kikwazo cha kweli ni kwamba pumba ni nyepesi: behewa hujaa kabla halijawa na uzito wa maana, na nauli ikaimeza faida yote. Dawa yake ni kuzishindilia kule kule Ubaruku, na hapo tunarudi palepale, kwa sababu mwenye mashine moja ya kukoboa hanunui mtambo wa kushindilia, ila wenye mashine thelathini wanaweza.

Na majivu ya pumba yasitupwe. Pumba ikichomwa kwa joto linalodhibitiwa, chini ya nyuzi 700 hivi, majivu yake huwa na silika inayoshikana na chokaa, hivyo huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Faida hii ni kubwa kuliko ya kupunguza makaa ya mawe, kwa sababu hewa chafu nyingi ya saruji haitokani na makaa, hutoka kwenye jiwe lenyewe la chokaa linapovunjika kwa joto. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kipo mjini hapo hapo, na kina wahandisi na wanafunzi wanaotafuta miradi ya kumalizia masomo. Ningependa kuona kila mwaka kundi moja la wanafunzi hao likipelekwa Ubaruku na Songwe na mizani na kipimajoto.

Mambo mengine Mbeya tayari yanafanyika kimya kimya, bila mtu kuyaita ya kijani. Machicha ya bia huchukuliwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Huko Rungwe, hewa ya ukaa inayotoka yenyewe ardhini katika milima ya volkano hukusanywa na kampuni ya TOL na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji, mahali ambapo kwingine hewa hiyo hutengenezwa kwa kuchoma mafuta. Watu walijuana, wakakubaliana bei, lori likaanza kwenda. Inawezekana.

Nani wa kuanzisha? SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, limekuwepo tangu mwaka 1973, na mitaa yake ya viwanda ipo Mbeya na Iringa. Halmashauri nazo zinatenga maeneo ya viwanda kila mwaka. Tatizo ni jinsi viwanja vinavyogawiwa: anayekuja kwanza huchagua, mradi amelipa. Mpasua mbao anawekwa huku, mwoka mikate kule, mkaushaji wa matunda upande wa tatu wa mji, na kila mmoja ananunua kuni zake. Halmashauri ya Mji Mafinga ingeweza kugawa viwanja kwa kuangalia nani anatoa joto na nani analihitaji. Ingeweza kuandaa daftari moja, lisilohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo, la nani anatupa nini, kiasi gani kwa wiki, kikavu au kibichi. Eneo zima la viwanda lingeweza kufanyiwa tathmini moja ya mazingira, likawa na mfereji mmoja wa maji machafu na sehemu moja ya kuyapimia, badala ya kumtaka kila mwenye dingdong atafute mshauri wake. Mkaguzi naye angekuwa na mahali pamoja pa kuchotea maji ya kupima, na wote wangejua kwamba akikosea mmoja wanawajibika wote. Hapo majirani wataanza kuangaliana.

Soko linajengeka. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi mwisho wake. Shule za bweni za Iringa zinatafuta nini cha kuweka jikoni. Zinaletewa mkaa mbadala wa makaa ya mawe ya Kiwira, wakati kando ya barabara ya kwenda shuleni unga wa mbao unafuka moshi. Naona uchungu nikiliandika hilo. Unga ulioshindiliwa ukiwa mkavu, katika jiko linalofaa, ungewapikia watoto hao makande, na fedha ya shule ingebaki Mafinga.

Liko suala moja la mwisho ambalo wapangaji hulisahau. Mabanzi hayachomwi yote. Mama lishe wa Mafinga hupikia kwayo, wajane hujengea mabanda ya kuku na jikoni, vijana hukusanya na kuuza kwa mzigo. Unga wenyewe huishia kwenye mabanda ya kuku na kwenye majiko ya kushindiliwa yaliyotengenezwa kwa madebe. Siku taka itakapokuwa na bei, atakuja mwenye mtaji na mkataba, na uzio utajengwa kuzunguka kile ambacho jana kilikuwa cha kuokota. Kwa hiyo mkataba wowote ambao halmashauri itausaini na mnunuzi wa mabanzi unapaswa kutaja kwa maandishi fungu la wakazi: siku zao, bei yao, na mahali pa kuchukulia. Vikundi vya akina mama vinavyokusanya sasa viwe vya kwanza kupewa kazi ya kuchambua na kutenga vipande vyenye dawa, kwa malipo na glavu, kwa kuwa hao ndio wanaolijua lundo kuliko mtu mwingine yeyote.